Hivi kufuta chati ya wote ndiko kulikoua klani zetu, au tunaisingizia tu?

#1 KamandaWaTabata
Wakuu salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalileta. Kati ya 2016 na 2020 nilikuwa naongoza klani, yani kikundi cha wachezaji, kwenye gemu moja la simu la kujenga na kupigana, jina nalihifadhi maana siyo lengo la uzi. Tulijaa mpaka mwisho, watu wa Dar, Moro, Mombasa, wawili wako Muscat, mmoja Bukavu, na karibu wote mpaka leo hatujawahi kuonana uso kwa uso. Gemu lilikuwa na chati ya wote, yani yeyote popote alipo anaandika na dunia nzima inaona. Ilikuwa kelele, kuna wanaouza akaunti, kuna mtoto anaomba almasi usiku kucha, kuna wanaotukanana, lakini humo humo ndimo nilikuwa natupa tangazo langu kila jioni nikitoka kazini, "klani ya Kiswahili, vita kila baada ya siku mbili, hatutukani", napata mmoja, siku nyingine wawili, siku nyingine natoka kapa. Siku moja tukaamka imefutwa. Ikabaki chati ya klani peke yake. Baada ya miezi sita tulikuwa 19, baada ya mwaka tuko 6, leo niko mwenyewe.

Mimi naona hivi: chati ya wote ni baraza na chati ya klani ni sebule. Sebuleni anaingia uliyemkaribisha, na huwezi kumkaribisha usiyemjua, unamjua kwanza pale barazani mnapoketi na kila mpita njia. Baraza likibomolewa sebule inabaki na wale wale, wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna wa kujaza nafasi.

Wenye kupinga karibuni, nataka kuelewa.

#2 mzee_wa_lag
Nimekaa hapa mbele kabisa, endeleeni.

#3 ShangaziRanki
Kamanda nakuheshimu, ila hiyo "kelele" uliyoitaja kwa neno moja ukapita, mimi niliishi ndani yake. Nilianza na jina la kike. Kila nikiandika neno moja kwenye chati ya wote, tena swali la kawaida tu la silaha, napata watano wa kuomba namba na mmoja wa kuniambia nirudi jikoni. Nikabadili jina nikaweka la kiume na ghafla nikawa najibiwa maswali yangu. Sasa wewe unalia baraza limebomolewa, mimi kwenye baraza hilo nilikuwa napita nimeinamisha kichwa. Uliza wanaume wangapi humu walijua wanacheza na wanawake wangapi.

Na kuna ushahidi. Mwaka 2013 Jeffrey Lin, aliyekuwa Riot Games akishughulikia tabia za wachezaji wa League of Legends, alieleza kwamba waliizima chati ya kuongea na timu pinzani, ila siyo kuifuta, anayeitaka anaiwasha mwenyewe kwenye settings. Maneno mabaya yakashuka kwa zaidi ya 30%, mazuri yakapanda zaidi ya 30%, na kiasi cha watu kuongea kikabaki kilekile. Mlango ulikuwepo, umefungwa bila kufuli. Hiyo tu.

#4 mzee_wa_lag
> Mlango ulikuwepo, umefungwa bila kufuli

Si hao hao ndo walikuja kuifuta chati kabisa baadaye?

#5 ShangaziRanki
Hapana. Oktoba 2021 walizima ile ya kuongea na wapinzani kwenye mechi za kupangiwa na mfumo. Chati ya timu yako ilibaki kama kawaida. Tusichanganye, maana matusi mengi kule yanatoka kwa timu yako mwenyewe, ndo waliobaki na mdomo.

#6 Mbogo_wa_Mbeya
Wakuu nawapenda wote lakini mnapiga kivuli. Chati siyo kilichounganisha watu, ni SHIDA. Watu wanaongea wakihitajiana.

Chukua World of Warcraft, nimeicheza miaka mingi. Mwanzoni ukitaka kuingia pango la watu watano, unahitaji mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kuponya, watatu wa kupiga. Huna njia nyingine, unasimama mjini unaandika kwenye chati "tunatafuta mponyaji mmoja", dakika 20, dakika 40, ukimpata unamshikilia kama yai, unamuuliza kesho yupo saa ngapi. Afu mwaka 2010 wakaleta Dungeon Finder, unabonyeza kitufe, mfumo unakuokotea wanne kutoka seva nyingine, unakuta ushasafirishwa mpaka ndani, mnamaliza, mnaachana, hakuna hata aliyesema asante. Na chati hawakuigusa! Chati ya General ipo, ya Trade ipo, zote zipo. Zilikauka zenyewe kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kuomba.

Kamanda ungekuwa sahihi, zisingekauka.

#7 mpemba_wa_seva
Sahihisho dogo ndugu yangu Mbogo, ile ilikuja Disemba 2009, toleo la 3.3. Nakumbuka vizuri, nilikuwa na wiki ya likizo nikaimaliza yote humo.

Lakini na mimi niseme langu, chati nyingine zilikuwa hazina shida yoyote ya kuomba na bado zilijaa. Mnaikumbuka The Barrens? Eneo la Horde, mojawapo ya pande mbili za gemu hilo, jangwa refu, mtu wa levo ya chini unatembea kwa mguu mpaka unachoka, na chati yake ilikuwa mashuhuri kuliko eneo lenyewe. Asubuhi mpaka usiku utani wa Chuck Norris, na kila baada ya dakika tano kuna mtu anauliza mke wa Mankrik yuko wapi, yule unayetumwa na gemu umtafute. Jibu linajulikana, amejibiwa mara elfu, bado wanauliza na bado wanajibiwa, wengine wanajibu uongo makusudi. Hapo shida ipo wapi? Watu walikuwa wanapiga soga tu.

#8 Mbogo_wa_Mbeya
Asante kwa tarehe. Ila umenisaidia, huyo anayeuliza mke wa Mankrik ANA shida, hampati na ramani haimuonyeshi. Siku hizi gemu linakuwekea mshale. Mshale umeua maswali mengi kuliko aliyefuta chati.

#9 Dk_Nanasi
Nimesoma yote. Mimi ni wa zamani kidogo, nilikuwa nasoma Uingereza EverQuest ilipotoka 1999, nikacheza miaka mitatu.

Kule palikuwa na handaki kwenye eneo la East Commonlands. Hakuna mtengenezaji aliyesema hapa ni soko. Watu wenyewe walizoea kukusanyika, unasimama ndani ya handaki unapiga kelele kwenye chaneli ya mnada, nauza upanga huu, natafuta pete hii, mtu anakujibu kwa faragha, mnakutana, mnakaguana mali. Bei ilijulikana kwa kusikiliza. Tapeli alijulikana kwa jina, maana kila mtu alibaki kwenye seva yake ile ile na kubadili jina haikuwa kazi rahisi. Disemba 2001 ikaja nyongeza ya Luclin na soko rasmi, unamketisha mhusika wako na mali zako unaenda kulala, mnunuzi anatafuta kwenye orodha. Handaki likawa tupu. Hapo Mbogo ana hoja.

Lakini kuna sababu ya pili ambayo haijaguswa, nayo ni MUDA WA KUKAA BURE. Mchawi wa EverQuest akiishiwa nguvu anaketi chini, anafungua kitabu chake, na ile miaka ya mwanzo kitabu kinafunika skrini yote, huoni jini wala mti, unachoona ni kitabu na maandishi ya chati chini yake. Dakika kadhaa kila baada ya pambano. Utafanya nini? Utaongea. Nilijua watoto wa watu majina, magonjwa ya wazazi wao, kwa sababu ya kile kitabu. Gemu za leo hazikupi sekunde ya kupumua, mechi dakika 15, vidole viwili viko kwenye kioo muda wote, uandike na nini? Baraza halijengwi kwa ukuta tu, linajengwa na watu wasio na haraka.

#10 MtotoWaKaloleni
Daktari umenigusa. Mimi ni RuneScape, Arusha, intaneti kafe, tunalipa kwa nusu saa. Benki ya magharibi ya Varrock, mji wa ndani ya gemu, dunia namba 1 (yani seva), maandishi ya njano yanaelea juu ya vichwa, watu mia wanapiga kelele bei ya kambakoche na makaa. Sijui hata nilikuwa nauza nini, ila Kiingereza changu cha kwanza cha kuongea na mtu halisi nilikipata pale, shuleni nilikuwa sithubutu kufungua mdomo. Novemba 2007 wakaleta Grand Exchange, yale yale ya Daktari, unaweka mali kwenye sanduku unaondoka. Mtu aliyekuwa ananisahihisha sentensi zangu sikumwona tena.

#11 mzee_wa_lag
Wengi tumesomea huko. Mimi neno "refund" nilijifunza kwa kutapeliwa kwenye gemu, mwalimu wangu wa Kiingereza hakuwahi kulitaja.

#12 Kipusa254
Wasee wa TZ hamjambo. Mimi naona kila mtu anaongelea gemu, hakuna anaongelea simu yake. Watu hawakuacha kuongea, walihama! Discord ilitoka 2015, WhatsApp kila mtu ako nayo, klani yetu hapa Nakuru tuna grupu la WhatsApp la watu 70 na ndani ya gemu chati ni kama makaburi. Tunapanga kila kitu huku, tunachanga mtu akifiwa, tulienda harusi ya mmoja wetu mwaka jana. Sasa mtaniambia jamii imekufa? Imehama nyumba tu. Kamanda, nyinyi mngehamia mapema mngekuwa bado mko.

#13 KamandaWaTabata
> Kamanda, nyinyi mngehamia mapema

Tulihama dada yangu. Grupu la WhatsApp lilikuwepo tangu 2017. Na ndo hoja yangu hiyo hiyo, grupu lako la watu 70 huyo wa 71 anatoka wapi? Mtu anayeanza gemu leo, hajui mtu, ataijuaje namba yako? Grupu linatunza waliopo, halizai. Sisi tulikuwa na grupu zuri mpaka mwisho, tulizikana humo, lakini lilikuwa linapungua tu.

#14 Kipusa254
Wa 71 analetwa na wa 40. Binamu, mtu wa hostel, jirani. Ndio maana hatuna mtu wa matusi, kila mtu ako na mdhamini.

#15 ShangaziRanki
Hapo kwenye mdhamini niko na Kipusa mia kwa mia.

#16 mpemba_wa_seva
Mimi sipo kabisa. Wakiingia kwa udhamini watakuwa watu wa aina moja. Klani ya Kamanda ilikuwa na mtu wa Bukavu na wa Muscat, hao nani angewadhamini kutoka Tabata?

#17 Nyota_Ya_Local
Naona wote mnaichukulia chati kama mahali pa KUONGEA. Ngoja niwapeleke EVE Online, gemu la meli za angani, lipo tangu 2003, wachezaji wote duniani wako kwenye seva moja isipokuwa China. Kila mfumo wa nyota una chati inaitwa Local na kila aliyemo jina lake linatokea kwenye orodha, aandike asiandike. Kwenye anga za mbali zisizo na polisi watu hawaandiki kitu Local, kimya cha kutisha, lakini macho yote yako kwenye ile orodha. Jina geni likitokea, wachimba madini wanakimbilia bandarini. Yani chati imekuwa mlinzi wa zamu.

Julai 2019 CCP, watengenezaji wake, wakaizima orodha ile kwenye anga hizo, wakaliita jambo hilo Blackout, hutokei mpaka uandike. Wengine tulifurahia, roho mkononi, unawinda gizani. Lakini wachimbaji na watu wenye kazi na watoto wakaacha kuingia, idadi ya walioko mtandaoni ikashuka inaonekana wazi, Septemba hiyo hiyo wakairudisha. Halafu kuna maeneo ya wormhole, yani anga unazoingia kupitia matundu, tangu 2009 hayajawahi kuwa na orodha hiyo na watu wa huko ndio wanaopendana kuliko wote kwenye gemu. Kwa hiyo mimi nashindwa kusema chati inajenga au inabomoa, inategemea watu walijengea maisha yao juu ya nini kabla hujaigusa.

#18 Kimya_Kingi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Nimecheza gemu moja miaka mitatu na sijawahi kuandika neno hata moja kwenye chati ya wote. Hata moja. Lakini niliisoma kila siku. Nilijua nani mkorofi, nani anasaidia wageni, nani anagombana na nani na kwa nini. Kuna mmoja alikuwa akiingia saa nne usiku anasalimia "wazima humu?" na mimi namjibu kimoyomoyo. Nilikuwa nimehama mji kwa kazi, sina rafiki hata mmoja, chumba kimoja na feni. Mkisema chati ilikuwa ya watu wachache wanaopiga kelele mnasahau tuliokuwa tunasikiliza. Kwenye orodha yoyote ya "waliotumia chati" mimi siko.

#19 Dk_Nanasi
Karibu sana Kimya, na asante kwa kuandika. Hilo lako limechunguzwa. Mwaka 2006 Nicolas Ducheneaut na wenzake walichapisha utafiti kuhusu World of Warcraft, wakakuta watu wengi wanacheza peke yao muda mwingi, hasa levo za mwanzo, lakini wanapenda kuzungukwa na wengine. Wengine wanakuwa hadhira yako, unawasikia, unawatazama. Peke yako pamoja na watu. Hiyo inagonga hoja ya Mbogo ya shida, na inagonga pia hoja ya Kipusa ya grupu, maana kwenye grupu la WhatsApp huwezi kukaa miaka mitatu bila kuulizwa wewe nani.

#20 Mbogo_wa_Mbeya
Haigongi ya kwangu Daktari. Kimya alikuwa na shida kubwa kuliko ya mponyaji. Alikuwa mpweke.

#21 Zamu_ya_Usiku
Nilikuwa msimamizi wa kujitolea wa chati kwenye gemu moja, silitaji. Naomba niseme mambo ya jikoni.

Chati ya wote ina gharama ambayo mchezaji haioni. Sisi tulikuwa na kichujio cha maneno kilichotengenezwa kwa Kiingereza. Mswahili akiandika "fagia upande wa kushoto" kwenye vita, inatokea nyota tatu na "ia". Mtu akiandika "nitakushitaki kwa kiongozi" anapigwa onyo la kutukana. Wakati huo huo matusi ya nguoni ya Kiswahili sanifu, ya mama na ya baba, yanapita yote yameng'aa, na yalikuwa mengi. Nilikuwa peke yangu ninayejua lugha, zamu yangu saa tano usiku mpaka saa nane, kabla na baada ya hapo hakuna mtu. Niliripoti mara nyingi, nikaongeza orodha ya maneno kwa mkono, wakaongeza machache. Nikachoka nikaacha.

Kwa hiyo kampuni ikipiga hesabu ya kulinda chati kwa lugha 40 inaona kufuta ni rahisi. Clash of Clans nao walifuta Global, yani chati yao ya wote, Oktoba 2019, ile gemu ya mamilioni ya watu. Sisemi ni sawa. Nasema baraza mlilolipenda halikuwa na mfagiaji, na lilipokuwa na mfagiaji neno lake la kazi lilikuwa linafutwa.

#22 ShangaziRanki
Zamu nakupa pole na shukrani, wewe na wenzako ndo tuliwategemea bila kuwajua. Kwa hiyo njia ya katikati ipo, au haipo? Final Fantasy XIV tangu 2016 wana chaneli ya Novice Network, wageni na walimu wao tu, mwalimu anapata alama pembeni ya jina baada ya kutimiza masharti. Wazi kwa mgeni, siyo wazi kwa kila mpita njia.

#23 mpemba_wa_seva
Hiyo ni madrasa bibi wee, siyo baraza. Mgeni anahitaji na watu wasio walimu.

#24 Nyota_Ya_Local
Na mwalimu naye anahitaji pa kukaa asipofundisha.

#25 SaaNneMuscat
Assalaam aleikum. Sisi huku chati ya dunia ni Kiarabu mwanzo mwisho, tukawa Waswahili tumejiwekea saa nne usiku, hakuna aliyetangaza, ilitokea tu, saa hiyo tunajaza chati kwa Kiswahili nusu saa. Mwanzo walitulalamikia. Baadae wakawa wanatusalimia "mambo" wakituona. Chati ya klani isingeweza kufanya hivyo, wao wasingetusikia.

#26 KamandaWaTabata
Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa nafanya kazi moja. Nimefungua lile grupu letu la zamani la WhatsApp, wako 43, nikawapigia au kuwaandikia, nawauliza uliingiaje klani. Walionijibu na wanakumbuka ni 31. Waliotoka chati ya wote moja kwa moja ni 8 tu. Nilidhani ni nusu, nilikuwa naapa ni nusu. 17 waliletwa na mtu, kama alivyosema Kipusa, ndugu, mtu wa bweni moja, mwenzake wa kazini. Waliobaki 6 walitafuta tu jina la klani wakaomba.

#27 Kipusa254
Asante kwa ukweli. Mdhamini ndiye alijenga.

#28 mpemba_wa_seva
Subirini. Hao 17 waliletwa na nani?

#29 KamandaWaTabata
Nilijua utauliza. 12 kati yao waliletwa na wale 8.

#30 Mbogo_wa_Mbeya
Kwa hiyo watu wanane waliokuwa na shida wakaleta shida za wenzao. Nabaki pale pale.

#31 Kimya_Kingi
Yule wa Bukavu yuko kwenye kundi lipi?

#32 KamandaWaTabata
Chati ya wote. Nilimuuliza jana akanitumia sauti ndefu anacheka. Anasema ilikuwa saa tisa usiku, umeme ulikuwa umerudi ghafla, hajui hata vita vinaanzaje, Kiingereza hajui, Kifaransa hakuna anayemjibu, akaandika kwenye chati ile "iko mutu anasema kiswahili humu?" Mimi nilikuwa macho, mtoto alikuwa anaumwa. Nikamjibu tuko.